Huko Chini Kukoje?

"Huko chini kukoje?"

Swali ndilo hilo, na mwenye kuuliza ndiye yule yule. Wiki iliyopita tulimwacha Dada Chuma ndani ya lori lake, kando ya barabara, chini kidogo ya Kona ya Kisigino, kidole juu ya kitufe cha redio, moyo unamdunda mpaka kwenye meno. Mmenitumia ujumbe wiki nzima. Mama mmoja kaandika neno moja tu: "Mmalize!" Nimekusikia, mama. Vuta kiti.

Kwa aliyelikosa gazeti, nasema mara moja na sirudii. Madereva wa kampuni ile wana desturi yao. Kule kileleni jua huwaka kama kawaida, kumbe tumboni mwa mlima wingu limelala na matope yanashuka. Aliye juu haoni kitu. Kwa hiyo husimama, hupoza breki, kisha humuuliza kwa redio yule aliyetangulia kuteremka. Akiambiwa "kukavu", anashuka. Akiambiwa "kumefunga", anazima injini na kusubiri. Aliyetangulia ndiye macho ya wenzake, na hakuna anayelichezea neno hilo.

Bwana Kombe alilichezea.

Msimu wa mvua uliopita, aliyekuwa juu ni kaka yake Chuma, dereva waliyemwita Taratibu kwa jinsi alivyoendesha. Mwaka ule Taratibu ndiye aliyekuwa anaelekea kupewa kombe la dereva salama. Akauliza, akajibiwa na Bwana Kombe: "Kukavu kama unga. Teremka tu, usichoshe breki." Akateremka. Kwenye Kona ya Kisigino akakutana na ukungu, na ndani ya ukungu akakutana na udongo uliomeguka kutoka ukingoni. Lori likaenda korongoni. Mguu wa kulia ukabaki hospitali.

Bwana Kombe akaapa mbele ya bosi kwamba hakuulizwa kitu, kwamba Taratibu aliteremka bila kusubiri neno. Siku ile madereva walikuwa wawili tu mlimani, na mmoja wao kichwa kilikuwa kimepigwa na chuma. Kampuni ikamwandika Taratibu mzembe na kumfukuza. Picha yake ikashushwa ukutani kwenye chumba cha madereva, na kwenye msumari ule ule ikatundikwa picha ya Bwana Kombe anatabasamu. Chuma aliipita picha ile kila asubuhi na kila asubuhi alitamani kuitemea mate.

Baya zaidi ni kwamba Taratibu mwenyewe aliamini. "Labda niliota tu, mdogo wangu," alikuwa akisema kitandani. "Labda kweli sikuuliza."

Hakuota. Babu Utingo, aliyekaa kiti cha pembeni cha Bwana Kombe siku ile, alimfungukia Chuma wiki mbili nyuma, machozi yakimchuruzika, na kumpa maneno yale moja baada ya jingine. Chuma hakumwambia kaka yake. Alitaka kwanza alipize, halafu ndiyo amwambie.

Na leo Mungu kamletea.

"Dada Chuma, umelala?" redio ikakoroma kwa sauti ya Bwana Kombe. "Nakuuliza, huko chini kukoje? Watu wananisubiri."

Ni kweli walikuwa wanamsubiri. Leo ni siku ya kombe. Turubai limefungwa uwanjani kwa kampuni, viti vimepangwa, wake wa madereva wamevaa vizuri. Na kombe la kampuni ile halitumwi kwa mtu: anayelitaka analifuata mwenyewe, siku hiyo hiyo, na gari lake limebeba mzigo, halina mkwaruzo, honi inalia getini kabla geti halijafungwa. Akichelewa, linakwenda kwa wa pili wake. Wa pili mwaka huu ni Dada Chuma.

Chuma alitazama mbele. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya kioo kama blanketi lililolowa. Nyuma yake, pale konani alipopita kwa kutambaa, udongo ulikuwa umefunika nusu ya njia, na katikati ya udongo limekaa jiwe la ukubwa wa jokofu.

Neno moja. "Kukavu." Naye angeteremka moja kwa moja.

Akabonyeza.

"Kumefunga," akasema. "Udongo umekata njia pale Kisigino. Kuna jiwe. Zima injini, subiri huko huko juu."

Najua mnavyoguna! Mmetupa gazeti mezani, mnasema mwandishi kanywea. Okoteni gazeti. Hamumjui Dada Chuma.

Alimjua mtu wake kama anavyoijua gia ya kurudi nyuma. Mwongo hudhani dunia nzima ni waongo wenzake. Bwana Kombe akiambiwa kumefunga na mtu anayelitaka kombe lake, ataamini? Thubutu! Atacheka, atateremka. Naye Chuma atakuwa amesema kweli tupu, na mashahidi wapo. Alikuwa amelipanga jambo hilo tangu alfajiri wakati anakagua matairi, na lilikuwa tamu sana mdomoni mwake.

"Nimekupata, dada," ikaitika sauti nyembamba. Huyo ni Kidosho, dereva mpya, msichana aliyefundishwa lori na Chuma mwenyewe. "Mimi ndo nafika kileleni. Nitasubiri, natoka nje kukagua matairi."

"Subiri, mwanangu. Hata ikifika jioni."

Halafu kikaja kicheko, sawasawa na alivyokitegemea.

"Dada Chuma bwana! Jua linanichoma kisogo hapa, wewe unaniletea habari za ukungu. Unataka nikae juu ya mlima mpaka geti lifungwe, kombe ubebe wewe? Mimi si mtoto."

"Nimekwambia kulivyo. Shauri yako."

"Shauri yangu kweli. Nateremka."

Chuma aliegemea kiti na kufumba macho. Akaiona picha pale ukutani. Akaona inashushwa. Alijisikia vizuri, wasomaji, sitawaficha. Alijisikia vizuri kama mtu aliyevua kiatu kilichombana mwaka mzima.

"Halafu," Bwana Kombe akaendelea, injini yake ikiunguruma nyuma ya sauti, "nina mtu wako hapa. Anataka kukusalimia."

Redio ikakwaruza.

"Chuma! Mdogo wangu! Umeshangaa, eh?"

Chuma akafumbua macho.

Ilikuwa sauti ya Taratibu.

"Kaka? Unafanya nini humo?"

"Kaja kunichukua nyumbani, wewe ulipoondoka tu. Kasema siku kama ya leo siwezi kukaa ndani kama kuku anayeatamia. Atanipandisha jukwaani niwaonye madereva wapya kuhusu mvua." Kaka mtu akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Kasema mimi ndiye mfano mzuri."

Mfano! Mnasikia jeuri hiyo? Mtu kamkata mwenzake mguu, halafu anambeba kwenda kumwonyesha watu mguu usiopo, yeye akipigiwa makofi.

Lakini Chuma hakuwa na nafasi ya kukasirika. "Kaka, nisikilize. Mwambie asimame. Sasa hivi! Konani kuna jiwe, hamtaliona mpaka mmelipanda!"

"Bwana, anasema tusimame..."

"Lete hapa." Redio ilinyakuliwa. "Dada Chuma, huna haya. Sasa unamtumia mpaka kaka yako mgonjwa?"

"Simtumii! Wallahi kumefunga! Njoo uniue kama nadanganya!"

"Eti wallahi. Kombe lina uchungu, eh?"

"Chukua kombe! Silitaki! Nitakwambia mbele ya bosi silitaki, lakini simama!"

"Ungekuwa hulitaki usingelia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alivyozidi kuomba, ndivyo mwanamume yule alivyozidi kuamini kwamba anachezewa. Chuma alisikia injini inabadilisha mlio: gia ya tatu, mzigo unasukuma, mteremko umeanza. Juu bado kuna jua, kwa hiyo hana wasiwasi. Akifika kwenye wingu, breki hazitamsaidia kitu.

Alipiga usukani ngumi. Akajitukana, akamtukana Bwana Kombe, akamtukana na Babu Utingo aliyemwambia. Ule ukweli alioutega kama mtego ulikuwa unamnasa ndugu yake wa tumbo moja. Na hakuwa na kitu kingine cha kusema, maana ukweli alishausema wote.

Basi akaacha kusema ukweli.

Sijui aliitoa wapi sauti ile. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti ilitoka baridi, shwari, ya mtu anayekunywa chai yake. Akabonyeza kitufe.

"Haya, umenishinda. Kukavu," akasema. "Kukavu kama unga. Teremka tu, usichoshe breki."

Redio ilikwaruza kidogo, sauti nyembamba ikapita haraka: "Nimekupata, dada, asante." Chuma aliisikia bila kuisikia. Masikio yake yote yalikuwa yanasubiri mlio mmoja tu.

Ukaja. Breki za upepo zikapiga kelele, tela likalalamika, kitu kikaanguka ndani ya lori, matairi yakavutwa juu ya lami. Pshhhh. Injini ikazimika.

Alikuwa amesimama.

Chuma aliachia pumzi aliyokuwa ameibana. Kumbe ndivyo alivyo mtu yule: ukweli ulimfukuza, uongo umemsimamisha, kwa sababu uongo ule alitunga yeye mwenyewe na anajua ulikompeleka mtu.

Na sasa, wasomaji, hebu tegeni sikio vizuri, maana Bwana Kombe alifanya kosa ambalo ni dereva tu anaweza kulifanya. Alipokanyaga breki, alikuwa bado ameshika kile kidude cha kuongelea. Kwa woga, mkono ulikakamaa na dole gumba likabaki limebana kitufe. Kila kilichosemwa ndani ya lori lile kikawa kinarushwa hewani.

"Mbona umesimama?" Ilikuwa sauti ya Taratibu.

Kiti cha dereva kikalia.

"Bwana, nakuuliza. Alipokwambia kumefunga, ulitembea. Amekwambia kukavu, umesimama. Kwa nini?"

"Nime... nimeona wingu."

"Wingu umeliona baada ya kusimama. Mimi nilikuwa nakutazama usoni." Taratibu hakupandisha sauti. Hakuwahi kuipandisha maishani mwake. "Maneno yale nayajua. 'Kukavu kama unga.' Mwaka mzima nayasikia usingizini, namwambia mdogo wangu labda ni ndoto. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Taratibu, ndugu yangu..."

"Ndugu yako nani?"

"Nisikilize! Sikutaka ufike korongoni. Nilijua kuna utelezi kidogo. Nilidhani utakwaruza ubavu tu, uvunje kioo, kombe likupite. Kombe tu, basi! Ningejua ni mguu, mimi kweli ningekwambia..."

"Uliniletea matunda hospitali."

"Ndiyo."

"Nikakushukuru."

Bwana Kombe alilia. Mwanamume mzima, kifua kama kabati, alilia hewani kama mtoto aliyefungiwa nje.

Chuma alisikiliza kila kwikwi. Hakumwonea huruma hata chembe. Alitaka alie zaidi, alitaka alie mpaka kesho, na mdomoni mwake yeye mwenyewe tabasamu lilikuwa linakuja na machozi kwa pamoja.

Halafu ikasikika sauti nyingine, nzito, ya mzee asiyependa utani. Ilipenya kwa shida katikati ya kwikwi, kisha ikawa wazi.

"Bwana Kombe. Toa kidole kwenye kitufe."

Alikuwa Mkuu wa Safari, yule anayepanga magari, akiongea kutoka ofisini. Na nilisahau kuwaambia jambo moja, au labda niliwafichia makusudi: siku ya kombe tu, redio ya ofisi huwekwa kwenye mawimbi ya madereva na kuunganishwa na spika kubwa za uwanjani, ili wageni wamsikie mshindi akitangaza kwamba anaingia getini.

"Toa kidole," Mkuu akarudia. "Tumekusikia. Bosi amesikia. Mkeo yuko hapa kiti cha mbele, naye amesikia."

Kitufe kikaachiwa, kwikwi zikakatika hewani.

Mnaona? Chuma alikuwa ameota kumwona akidondoka korongoni. Hiki alichokipata kilikuwa kikubwa kuliko korongo. Mtu yule atatembea mjini miaka yote iliyobaki, na kila atakayempita atajua. Picha itashuka ukutani leo leo. Chuma aliufuta uso kwa kitambaa cha kufutia kioo, akacheka peke yake kwa sauti kubwa, akabonyeza.

"Kaka."

"Naam, mdogo wangu." Sauti ya Taratibu ilikuwa imelowa. "Kumbe sikuota."

"Hukuota, kaka. Washeni taa za dharura, msisogee. Mmesimama wapi?"

"Ndani ya wingu, juu kidogo ya kona. Katikati ya njia kabisa. Usijali, naijua kazi. Gari likisimama kwenye ukungu, mtu anashuka kuweka kibao cha kuakisi nyuma ya tela. Huyu hapa hawezi hata kusimama, anatetemeka. Nashuka mimi."

"Na huo mkongojo?"

"Nashuka taratibu."

Alikuwa anatania! Mwaka mzima Chuma hakuwa amemsikia kaka yake akitania. Aliketi pale, mkono kwenye redio, akitabasamu kama mjinga, akisikia mlango wa lori lile unafunguliwa huko juu na kufungwa.

Mkuu wa Safari akarudi hewani. "Dada Chuma, na wewe nina neno lako. Umetamka 'kukavu' mahali pasipo pakavu, na watu wamesikia. Nakuelewa kwa nini. Lakini futa neno hilo sasa hivi, kabla..."

Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

*Nimekupata, dada, asante.*

Tabasamu lilimkauka Chuma usoni. Ile sauti nyembamba. Bwana Kombe hajawahi kumwambia mtu asante tangu azaliwe.

"Kidosho!" Aliliita jina hilo mpaka kioo kikatikisika. "Kidosho, simama! Nimedanganya! Kumefunga! Kidosho!"

Redio ilikuwa kimya.

"Kidosho, mwanangu, niitikie!"

Na Chuma alijua ni kwa nini haitikii. Alimfundisha mwenyewe, somo alilofundishwa na Taratibu: ukiisha kupewa neno, ukianza kuteremka, zima redio, sikiliza gari lako. Msichana yule hakuwahi kukosea somo hata moja. Alirudi ndani ya lori akalikuta neno la mwisho tu, akazima redio kabla Bwana Kombe hajaanza kulia, akashika usukani kwa mikono miwili, akaachia breki, na saruji tela zima nyuma yake.

"Bwana Kombe!" Chuma alipiga kelele. "Mrudishe kaka ndani! Gari linakuja nyuma yenu!"

Sauti iliyojibu ilikuwa imevunjika, ya mtu asiye na chochote tena cha kulinda. "Nimemwita. Hasikii, ameshafika nyuma ya tela. Chuma... nami nasikia gari. Linakuja kwa kasi. Breki hazisikiki kabisa."

Bila shaka hazisikiki. Si aliambiwa asizichoshe?

Chuma aliufungua mlango akaruka. Aliangukia magoti kwenye matope, akainuka, akaanza kukimbia kuupanda mlima, ndani ya ukungu, mikono mitupu, akipiga kelele majina mawili ambayo upepo ulimrudishia mdomoni. Kutoka juu ikasikika honi ya Kidosho, honi ndefu, ya furaha, kama anavyopiga dereva anayeijua njia yake kuwa ni nyeupe.

Na aliyemwambia hivyo ni Dada Chuma.